Velmora Ndani ya Vikapu vya Posa

Raïssa aliinua mfuniko wa kikapu kwa sababu ulikaa upande, na yeye hajapata kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Huko kliniki ya meno anakofanya kazi, hata vifaa vya daktari huvipanga kwa urefu. Alikuwa kwenye jiko dogo nyuma ya ukumbi wa kukodi, Hallunda, kitongoji cha Stockholm, amekwishavishwa imvutano ya hariri, vile vitambaa viwili vya kifahari vinavyofungwa begani, amekwishapakwa wanja, anangoja kuitwa. Upande wa pili wa mlango baba yake mdogo, Évode, alikuwa ameshika kipaza sauti tangu saa nane na hakuwa na dalili ya kukiachia. Ilikuwa siku ya posa yake, mwezi wa sita mwaka 2011, na mpaka alipoinua ule mfuniko alikuwa na furaha.

Ndani ya kikapu, juu ya karanga na pipi, alilala Malkia Ossa.

Raïssa alimtazama asielewe. Malkia Ossa alikuwa sanamu ya urefu wa mkono kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, mkuki juu, joho limepeperuka, na mahali pake palikuwa nyumbani kwao Hjulsta, chumbani kwa Raïssa, ndani ya sanduku lake, ndani ya nailoni ya kiwandani ambayo haijawahi kuchanwa. Sasa alikuwa na pipi ya mnanasi kwapani. Raïssa alifunua kikapu cha pili. Humo mlikuwa na masanduku mawili ya bati, yale yenye nembo ya joka, yamejazwa biskuti. Cha tatu kilikuwa na vitabu vya michoro, vimefungwa utepe mwekundu kama vitabu vya nyimbo za kanisani. Vilikuwapo vikapu vitano vilivyopangwa juu ya meza, na kila kimoja kilikuwa na mali yake.

Kikapu cha tano hakikuhitaji kufunuliwa. Kitambaa kilichokifunika kilikuwa ramani ya Velmora yenyewe, milima, mito na miji yake yote, na pembeni mtu alikuwa ameizungushia lesi nyeupe kwa cherehani.

Velmora ni mchezo wa video. Wanaoujua hawana haja ya kuelezwa, na wasioujua inatosha waambiwe kwamba kila sehemu mpya ya mchezo ilipotoka, kampuni ilitengeneza pia masanduku machache ya toleo maalumu. Ndani yake mlikuwa na mchezo katika sanduku dogo la bati, sanamu, ramani ya kitambaa, kitabu cha michoro na santuri ya muziki, na kila sanduku lilipigwa muhuri wa namba yake. Waliokusanya masanduku hayo walikuwa na sheria moja tu. Nailoni ikishachanwa imechanwa, hakuna fundi wa kuirudisha. Raïssa alinunua toleo la kawaida la kuchezea, na lile maalumu akaliweka. Watu walimcheka kwa hilo. Walikuwa watu wale wale wenye kabati la vioo sebuleni na vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea.

Alifika Sweden mwaka 1996, ana miaka tisa, na katika nyumba yao hapakuwa na kitu ambacho hakikutoka kwa mtu. Godoro la mtu, sahani za mtu. Koti lake la kwanza la baridi lilikuwa na jina la mtoto mwingine, Lotta, limeandikwa kwa kalamu shingoni, na shuleni waliosoma jina hilo walimwita hivyo mpaka majira ya kuchipua. Sanduku la kwanza la Velmora alilinunua kwa jasho la kugawa karatasi za matangazo mlango kwa mlango, majira yote ya joto, na asubuhi lilipoanza kuuzwa alisimama kwenye foleni ya duka la mjini katika baridi ya Novemba. Alikuwa msichana pekee, na mweusi pekee. Wavulana wawili walimuuliza kwa upole kama amepotea njia. Alirudi na sanduku kwenye treni ya chini ya ardhi amelipakata, na ile namba iliyopigwa ubavuni haikuwahi kuwa ya mtu mwingine kabla yake. Hilo ndilo alilolipenda, na hakuona kwa nini aombe radhi.

"Wewe! Funga hivyo vikapu. Bibi harusi hachungulii!"

Mama yake, Gaudiose, aliingia amebeba sahani ya sambusa, kilemba kimempaa kichwani kwa fahari ya siku.

"Mama, hivi ni nini?"

"Zawadi za upande wetu. Si unaona vilivyopendeza?"

"Ni vitu vyangu. Mmevitoa chumbani kwangu."

"Tumevitoa asubuhi ulipokuwa kwa msusi. Na usidhani ilikuwa kazi ndogo. Yale makartoni yalikataa kuingia kwenye vikapu, ikabidi tuyakate."

"Mliyakata na nini?"

"Na kisu cha mkate. Raïssa, usinitolee macho siku ya leo." Gaudiose aliweka sambusa chini, akapitisha kidole kwenye lesi ya ramani. "Na hii nimeishona mwenyewe. Nilitaka kitambaa chako nacho kiwe na heshima kidogo."

Hapo ndipo Raïssa alipotaka kupiga kelele, na akashindwa, kwa sababu mama yake alisema kweli. Ile lesi ilikuwa ya kabatini, ya kutoka Bujumbura, ambayo Gaudiose hakuikata hata alipobatizwa mtoto wake wa mwisho. Alikuwa ameharibu ramani kwa kitu chake kizuri kuliko vyote.

"Du hade ingen rätt," alisema Raïssa. Hukuwa na haki.

"Kiswidi kasemee benki. Mimi sema na mimi kama mama yako."

"Ni nani aliyewaambia mvilete hapa?"

Gaudiose aligeuka, akaanza kupanga sambusa zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

Kila aliyewahi kuhudhuria posa za watu wa kwao anajua kwamba yale majibizano makali ya wasemaji ni maigizo. Msemaji wa upande huu na wa upande ule hukutana siku kadhaa kabla, wakala, wakanywa chai, wakapika maneno. Wewe utaniuliza hivi, nami nitajibu hivi, hapa tutakataa, pale mtatubembeleza. Hufanya hivyo ili asiaibike mtu. Kinachosemwa ukumbini kimeshakubaliwa sebuleni kwa mtu, na kikishasemwa mbele ya wageni hakirudi. Raïssa alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo alijua pia kwamba vikapu hivi havikuanguka kutoka mbinguni.

"Mama. Ni nani?"

"Firmin aliomba, kwa niaba yao," alisema Gaudiose. Firmin alikuwa msemaji wa upande wa bwana, Mkongomani wa Bukavu, kama ilivyokuwa familia ya Valéry, bwana harusi mwenyewe. "Alisema watafurahi ukiaga mambo ya kitoto mbele ya watu, na vitu hivyo wapewe watoto wa kwao. Évode akaona ni wazo zuri, lina mchezo ndani yake."

"Na Valéry? Valéry alikuwepo?"

"Valéry ndiye aliyelileta," alisema mama yake. "Kijana mzuri. Alisema ni bora tulifanye sisi, yeye kwako hawezi."

Raïssa alichukua simu yake. Alimwandikia Valéry maneno matatu, mlango wa nyuma, na akatoka vile vile na hariri yake kwenda kusimama karibu na mapipa ya taka.

Sasa, lazima ifahamike kwa nini alikuwa anaolewa na Valéry na si mwingine, maana waposaji hawakukosekana. Mara ya kwanza Valéry alipokuja Hjulsta kumsalimia, miaka mitatu nyuma, alionyeshwa masanduku. Wanaume wengine walioonyeshwa waliuliza kwa nini hayafunguliwi, na mmoja alianza kukwangua nailoni kwa ukucha. Valéry aliuliza bafu liko wapi, akaenda kunawa mikono, akaifuta vizuri, ndipo akashika. Hakuna aliyemwambia. Raïssa aliamua siku hiyo hiyo, na mengine yote, kwaya, chakula, safari za kwenda Södertälje kwa mama mkwe, yalikuwa ya kukamilisha.

Alitokea akiwa na suti mpya na fimbo ya sherehe mkononi, jasho limemtoka puani.

"Älskling, mpenzi, hatutakiwi kuonana sasa."

"Ulimwambia Firmin aombe vitu vyangu?"

Valéry hakukana. Angekana angalau. "Nilijaribu kukwambia," alisema.

"Lini?"

"Tulipokwenda kuangalia nyumba. Nilisema ni ndogo."

"Ulisema nyumba ni ndogo. Hukusema utampa mama yangu kisu cha mkate."

"Sikujua watayakata! Hilo sikulisema." Aliangalia nyuma yake, mlangoni. "Mama anaona aibu, Raïssa. Anasema ndugu wakija watakuta sanamu kwenye rafu, waseme nimeoa mtoto. Kiwandani ninakofanya kazi wanacheka hata sasa. Nimechoka kukutetea."

"Nani alikuomba unitetee? Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Basi si unaona?" alisema Valéry, na uso wake ulipata nuru, kama mtu aliyeeleweka hatimaye. "Ndiyo maana ikabidi iwe leo. Mbele ya watu huwezi kukataa. Utakasirika, najua, nimejiandaa. Lakini hasira zako huwa zinaisha."

Alimshika kiwiko kwa upole. Ule upole ndio uliomchoma. Kama angetukanwa angejua pa kushika, lakini huyu alikuwa amekaa sebuleni kwa Évode, na chai yake, akapima jinsi mdomo wa Raïssa utakavyofungwa, akauona kipimo ni kizuri, akarudi Södertälje akalala usingizi. Kwa kazi hiyo alikuwa amechagua siku ya Raïssa, nguo ya Raïssa, na hata baba yake Raïssa.

"Rudi ndani," alimwambia.

"Tuko sawa?"

"Rudi ndani, Valéry."

Aliporudi jikoni meza ilikuwa tupu. Mdogo wake, Mélissa, alikuwa amebandika sikio mlangoni. "De har redan tagit dem," alisema bila kumtazama usoni. Vikapu vimekwisha kuchukuliwa. Raïssa alisogea, akafungua mlango kiasi cha jicho moja.

Firmin alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kitambi mbele. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, na alijua.

"Chers amis," alisema, "sisi tunaomba bibi, hatuombe mutoto. Tulisikia kama mule chumba yake muko michezo ya batoto, bale ba sanamu-sanamu. Tunauliza tu, kwa heshima: huyu anakuja kujenga nyumba, ao anakuja kucheza?"

Wageni walicheka. Évode alisubiri wamalize, kwa sababu Évode hajawahi kupoteza kicheko cha watu katika maisha yake.

"Ndugu yangu Firmin, umechelewa!" alisema. "Mtoto mnayemsema ameshaondoka, hayupo. Aliyebaki ni mwanamke. Na michezo yake ameileta yeye mwenyewe, kwa mikono yake, muwape wajukuu zenu. Leteni!"

Kwa mikono yake. Raïssa alisikia hilo waziwazi. Wasichana watano waliingia na vikapu vichwani, wakitembea kwa madaha, na ramani ya Velmora ikapita mbele ya watu mia na lesi yake. Wanawake walipiga vigelegele. Mama yake Valéry, aliyekaa mstari wa mbele, aliweka mkono kifuani kama mtu aliyepewa haki yake. Watoto walivamia. Mmoja aligonga santuri kwenye kiti kuona kama inalia.

"Na sasa," alinguruma Évode, "mtoeni binti!"

Kwanza walimtoa shangazi mmoja mzee aliyejifunika shuka, ndivyo mchezo ulivyo, na upande wa bwana ukapiga kelele kwamba huyu siye. Kisha Raïssa akaingia kweli. Watu walisimama. Alitembea mpaka mbele, pale baba yake, Gregory, alipokaa na chungu cha kunywea kwa mrija kati ya magoti. Kwa desturi mngekuwa na pombe ya ndizi humo, lakini familia zote mbili zimeokoka, kwa hiyo Firmin alikuwa amemimina svagdricka, kile kinywaji cheusi cha shayiri ambacho wazee wa Kiswidi hunywa Krismasi. Baba akinywa, binti ametolewa. Lakini hanywi mpaka binti aulizwe, na katika shughuli nzima hilo ndilo neno pekee ambalo ni la binti.

"Raïssa, mwanangu," alisema Évode, "watu hawa unawajua?"

"Nawajua."

Makofi.

"Wameleta kinywaji. Baba yako anywe, asinywe?"

"Asinywe," alisema Raïssa.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Évode alijipiga paja. "Mnaona hawa? Mlidhani binti wa kwetu anabembelezwa mara moja?" Firmin naye, mwigizaji mzuri, alipiga goti na kushika kichwa kama aliyefiwa. Walidhani ni sehemu iliyopikwa. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeipika.

"Asinywe, nimesema. Sitanii."

"Anasema hatanii!" alirudia Évode kwenye kipaza sauti, na watu wakalia machozi.

Raïssa alitazama mbele yake. Mama yake alicheka na kufuta macho. Valéry hakucheka. Alikuwa anaangalia viatu vyake, na masikio yake yamekuwa mekundu kadiri inavyowezekana kwa mtu mweusi. Yeye alijua. Mwingine aliyejua alikuwa baba yake Raïssa, kwa kuwa alikuwa ameinua macho na kumtazama mwanawe, na mrija ulikuwa umesimama hewani mkononi mwake. Gregory alikuwa mtu mpole, wa kuendesha basi miaka na miaka bila kupiga honi. Hakuwahi kumpinga mdogo wake hadharani, hata katika jambo dogo.

Raïssa aliwageuzia mgongo. Alikwenda kwa watoto. Binti mdogo wa dada yake Valéry alikuwa ananyonya mkuki wa Malkia Ossa, na Raïssa alichuchumaa na hariri yake yote.

"Samahani, mama," alimwambia. "Hiki ni changu. Nilikinunua mimi."

Mtoto alimpa bila ubishi. Raïssa aliifuta sanamu mate, akaiweka kikapuni. Alichukua santuri. Alimwaga biskuti mezani, akachukua masanduku ya bati. Alikusanya vitabu, akavifungua utepe. Watu walipiga makofi kwa kila kimoja, wakihesabu kwamba ni bibi harusi anayeaga utoto kwa shida, na mwanamke mmoja Mtanzania aliyekaa kando alisema kwa sauti kwamba hii posa imeandaliwa kitaalamu.

Nyuma yake alisikia Évode akisema chini chini, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi: "Kunywa, kaka. Watu wana njaa."

Alisikia vigelegele. Alipogeuka, mrija ulikuwa mdomoni mwa baba yake, na koo lake lilikuwa limekwisha kushuka na kupanda. Gregory alitoa mrija, akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono. Hakumtazama mwanawe safari hii.

Ngoma ikaanza. Raïssa alipita katikati ya waliokuwa wanainuka kucheza, kikapu kikubwa mkononi na ramani begani, mpaka mbele ya kiti cha baba yake, na akasimama hapo mpaka mpiga ngoma alipoona uso wake na kuacha.

"Baba," alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Nimeulizwa, nikajibu. Nimesema usinywe mara mbili, mbele ya watu wote hawa, na wewe peke yako umenielewa. Umekunywa."

"Raïssa," alisema Gregory.

"Basi aliyekunywa ndiye anayeolewa. Chukua koti lako, Baba. Bwana yako yule pale, na Södertälje si mbali."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha katikati. Gaudiose alishika mdomo kwa mikono miwili. Svagdricka ilikuwa imemdondokea Gregory kwenye shati jeupe, naye alikuwa anaifuta, anaifuta, kama kwamba hilo ndilo lililoharibika.

Valéry alimwahi kwenye mlango mkubwa. Alisimama mbele yake na fimbo yake ya sherehe, mkono mmoja ameunyoosha, na nyuma yao watu mia walikuwa wananyoosha shingo wasikie.

"Raïssa, tafadhali. Watu wanaona."

"Pisha."

Akapisha.